Kifaa kimeandikwa "BACnet": usome nyaraka gani kabla hujakiunganisha na BMS?

"Habari mtaalamu. Nasimamia jengo la ofisi la ghorofa 9 hapa Dar es Salaam. Tuna BMS (mfumo wa kompyuta unaosimamia mitambo ya jengo) ya zamani ya BACnet, na sasa mwenye jengo anabadilisha chila zote 2 (mashine za kupoza maji ya AC), anaweka vidhibiti vipya 64 vya feni koili (vipoza hewa vya vyumbani), mita za umeme 14, na anataka jenereta nayo ionekane kwenye skrini. Wauzaji watatu wameandika 'BACnet' au 'Modbus' kwenye bei zao. Mkandarasi anasema hizo ni itifaki wazi, vikifika tutaunganisha tu. Mara ya mwisho tuliambiwa hivyo hivyo, na hadi leo kuna pampu 2 zinazoonekana kwenye kompyuta lakini haziwaki ukiziamuru. Niombe nyaraka gani, nizisome vipi, na nitajuaje kama zinasema kweli?"

Salama ndugu. Wasiwasi wako una msingi, na zile pampu 2 zitatusaidia kueleza mengi, kwa hiyo nitazirudia. Unachotaka kujua ni hiki: neno "BACnet" kwenye karatasi ya bei linamfunga muuzaji kwa lipi? Kwa machache sana. Vinavyomfunga ni nyaraka mbili kwa kila kifaa cha BACnet, tamko la itifaki na orodha ya pointi (kila thamani inayosomwa au kuamriwa), na zote mbili zinapatikana kabla hujamlipa mtu hata senti.

Nianze na hilo la "itifaki wazi". Itifaki ni kanuni za vifaa kuzungumza. Uwazi maana yake kanuni zimechapishwa na mtengenezaji yeyote anaruhusiwa kuzitumia. BACnet ni kiwango namba 135 cha ASHRAE ya Marekani, kilitoka 1995, na tangu 2003 ni kiwango cha kimataifa kwa jina la ISO 16484-5. Kichukulie kama kamusi: hakimlazimishi mtu kutumia kila neno lililomo. Mtalii aliyeshuka juzi akajua "habari", "asante" na "bei gani" anazungumza Kiswahili, hakudanganyi, ila hutamwita mahakamani akawe mkalimani. Vivyo hivyo sensa inayojibu swali moja tu, "joto lako ngapi?", ni kifaa cha BACnet kihalali kabisa. Mkandarasi wako hajasema uongo. Amesema nusu.

Waraka wa kwanza ni PICS, tamko la mtengenezaji la sehemu za itifaki alizozitekeleza. Mpangilio wake umewekwa na kiwango chenyewe, kwa hiyo ukishaisoma PICS ya chila utaielewa na ya feni koili. Usikubali brosha badala yake. Kabla ya yote linganisha modeli, toleo la famwea (programu ya ndani ya kifaa) na tarehe ya waraka na kile kilichoandikwa kwenye bei. Herufi moja mwishoni mwa namba ya modeli inaweza kutofautisha kidhibiti chenye BACnet, chenye Modbus, na kisicho na mawasiliano yoyote, na wakati mwingine bei iliyokuvutia ni ya hicho cha tatu.

Kisha tafuta orodha ya BIBB. Hivyo ni vifurushi vya uwezo, kila kimoja na kifupi chake, na kila kifupi kinaishia na A au B. A ni anayeuliza au kuagiza, B ni anayejibu au kutii. DS-RP ni kusoma thamani moja, DS-RPM ni kusoma nyingi kwa mpigo, DS-WP ni kuandika, DS-COV ni kupashwa habari thamani inapobadilika. Vinavyoanza na AE ni vya kengele, SCHED vya ratiba, T vya kumbukumbu za mwenendo, DM vya usimamizi wa kifaa kama kusawazisha saa. Jambo linafanyika pale tu A ya upande mmoja inapokutana na B ile ile ya upande wa pili. Kwa hiyo PICS ya vifaa vipya peke yake haitoshi. Unahitaji pia ya BMS yako ya zamani, na iwe ya toleo lililomo kwenye kompyuta yenu leo, maana ya toleo jipya la mwaka huu haikuhusu. Hapa ndipo wengi huteleza: wanachunguza mgeni, wanamsahau mwenyeji.

Chukua karatasi, upande mmoja BMS, upande wa pili kifaa, katikati yale unayoyataka yatokee. Unataka chila ikupigie kengele yenyewe? Chila iwe na AE-N-I-B, na BMS iwe na AE-N-A. Chila ikikosa, bado kuna njia: BMS isome hali ya hitilafu kila baada ya sekunde kadhaa na kutengeneza kengele kwa upande wake, lakini hiyo ni kazi ya kuprogramu inayotakiwa kuonekana kwenye bei. Unataka kuwasha pampu? DS-WP-A kwa BMS, DS-WP-B kwa kidhibiti cha pampu. Ikiwa pampu zako zina DS-RP-B bila DS-WP-B, mtaziona mpaka mstaafu na hazitawaka.

DS-WP-B nayo haimalizi mjadala. Inasema kifaa kinakubali kuandikiwa; haisemi kila kitu ndani yake kinaandikika. Teremka kwenye jedwali la aina za obijekti (pointi jinsi BACnet inavyozipanga ndani ya kifaa), utafute safu ya sifa zinazoandikika. Kwa kila aina utakayoiamuru, AO au AV (towe au thamani ya namba), BO au BV (towe au thamani ya washa/zima) au MSV (thamani ya hali kadhaa), hakikisha Present_Value, yaani thamani ya sasa, imetajwa hapo. Kwa AV, BV na MSV nenda mbali zaidi: uliza kama zina Priority_Array, maana kwa hizo tatu kiwango kimeiacha iwe hiari.

Priority_Array ni ngazi 16 za amri. Ya 1 ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ya 16 ndiyo dhaifu. Ngazi ya 1 na ya 2 zimetengwa kwa usalama wa maisha, ya 5 kwa ulinzi wa mitambo, ya 6 kwa muda wa chini wa kuwaka au kuzima, ya 8 kwa mtu anayebonyeza kwenye skrini. Ratiba kwa kawaida huandika chini kabisa, mara nyingi 16. Kifaa hutii amri ya juu kuliko zote iliyopo, nayo hubaki hapo hadi aliyeiandika aifute kwa kuandika NULL (tupu) kwenye ngazi ile ile. Ndiyo maana mhudumu akiwasha feni kwa mkono Ijumaa jioni, akasahau kuachilia, ratiba itaandika "zima" wikiendi nzima bila kusikilizwa. Na obijekti isiyo na ngazi hizo ina tabia nyingine: wa mwisho kuandika ndiye mshindi. BMS ikiandika nyuzi 24 na programu ya ndani ya kidhibiti ikaandika 22 sekunde inayofuata, utaona namba zinarukaruka na watu watalaumu waya.

Sasa feni koili zako 64, kwa sababu hapo ndipo pesa inapoweza kupotea kimyakimya. Vidhibiti vidogo vya aina hiyo kwa kawaida hutangazwa kwa profaili ya B-ASC. Profaili hiyo inadai kusoma, kuandika, kujitambulisha kwenye mtandao na mambo machache ya usimamizi. Haidai kengele, haidai ratiba, haidai COV, haidai hata kusoma nyingi kwa mpigo. Mtengenezaji anaweza kuviongeza na wengi huviongeza, lakini ni hisani yake, ndiyo maana unasoma orodha ya BIBB badala ya kuridhika na jina la profaili.

Kukosekana kwa DS-RPM-B kuna gharama unayoweza kuihesabu. Tuseme kila feni koili ina pointi 12, jumla 768, na zote 64 ziko kwenye laini moja ya MS/TP (BACnet inayopita kwenye jozi ya waya) kwa kasi ya baudi 38,400. Kwenye MS/TP vifaa hupokezana tokeni, yaani zamu ya kuzungumza, na asiye na tokeni haanzishi mazungumzo. Tokeni ni baiti 8, kila baiti inachukua biti 10 kwenye waya, kwa hiyo kuipitisha mara moja ni kama milisekunde 2. Kuzungusha kwa vifaa 64 ni milisekunde 133 hivi kabla hata mtu hajasema neno. Ruta inayowakilisha BMS ikiwa imewekewa fremu moja kwa kila zamu, itauliza swali moja kwa kila mzunguko: maswali 768 ni zaidi ya sekunde 100. Mtu anabonyeza, anasubiri karibu dakika mbili, anabonyeza tena. Kifaa kikiwa na DS-RPM-B, pointi zote 12 huulizwa kwa swali moja, maswali yanakuwa 64, na mzunguko mzima ni kama sekunde 9. Ukigawa laini ikawa mbili za vifaa 32, hata bila RPM unashuka hadi kama sekunde 26, yaani robo, kwa sababu tokeni ina safari fupi na kila laini ina nusu ya maswali. Hesabu halisi itakuwa juu kidogo ya hizi maana sijaweka muda wa majibu yenyewe. Kwa jengo lako ningedai laini mbili kwa uchache, tatu kama bajeti inaruhusu, hata PICS ikiwa nzuri kiasi gani.

Sehemu ya PICS inayohusu njia ya mawasiliano ni fupi lakini inaua miradi. BACnet/IP na BACnet ya Ethaneti zinatumia tundu lile lile la RJ45 na hazisikilizani. BACnet/SC, iliyoingizwa kwenye kiwango miaka ya karibuni ikiwa na usimbaji wa usalama, haizungumzi moja kwa moja na BACnet/IP ya zamani. Inahitaji ruta ya kuzipatanisha. Kwa BACnet/IP angalia namba ya poti, kawaida ni UDP 47808, na uliza kama kifaa kinaweza kuwa BBMD (kinachovusha matangazo kutoka mtandao mmoja hadi mwingine) au kujisajili kama mgeni kwa BBMD. Swali hili lina maana kwako ikiwa mtu wa TEHAMA ameziweka chila kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) tofauti na kompyuta ya BMS: tangazo la kutafuta vifaa halivuki ruta ya IP, kwa hiyo bila BBMD chila itajibu ping vizuri na bado BMS itasema haipo.

Kwa MS/TP soma kasi zinazokubalika. Vifaa vyote kwenye laini moja lazima viwe na kasi moja, na vyote visiwekwe kwenye "otomatiki" kwa pamoja, maana kila mmoja atamsubiri mwenzake aanze. Anwani za wanaopokea tokeni ni 0 hadi 127, na Max_Master (anwani ya juu kabisa inayotafutwa) ikiwekwa chini ya anwani kubwa iliyopo, vifaa vya juu yake havitaonekana. Namba ya kifaa, inayoanzia 0 hadi 4194302, isijirudie popote kwenye jengo, hata kwenye laini tofauti. Omba karatasi ya namba zote kabla ya usimikaji. Vidhibiti vingi hutoka kiwandani na namba moja inayofanana.

Kuna mambo ya umeme ambayo PICS haiyataji kabisa, yako kwenye mwongozo wa usimikaji. La kwanza ni mzigo wa RS-485, aina ya waya na ishara za umeme ambazo MS/TP hupitia. Laini moja hubeba mizigo 32 kamili. Kifaa cha robo mzigo kinahesabiwa robo, kwa hiyo "vifaa 128 kwa laini" kwenye brosha ni kweli tu ikiwa vyote ni vya robo. La pili ni kebo: jozi iliyosokotwa yenye skrini, vifaa vikiunganishwa kwa mfuatano bila matawi, rezista ya omu 120 kwenye ncha mbili na si kwingine, skrini ikiunganishwa ardhini upande mmoja. La tatu ni vifaa vinavyotumia volti 24 za AC. Vingine vina rektifaya ya nusu wimbi, vingine ya wimbi kamili, na kuviweka kwenye transfoma moja yenye upande uliofungwa ardhini kunaweza kuunguza vifaa au transfoma. Na la nne, dogo lakini sugu: watengenezaji hawakubaliani terminali ya A ndiyo chanya au hasi. Fuata alama za + na −, zisipokuwepo uliza kabla ya kuvuta waya.

Hapo hapo nimkosoe mtu atakayekwambia mita za Modbus ziunganishwe kwenye waya ule ule wa feni koili kwa sababu "zote ni RS-485". RS-485 ni barabara tu. Modbus RTU na MS/TP kwenye jozi moja ni daladala na treni kwenye reli moja. Mita zina laini yake.

Waraka wa pili ni orodha ya pointi, na kwa chila ni muhimu kuliko PICS. PICS inasema chila ina obijekti za aina ya AV. Orodha inasema AV namba 12 ni joto la maji yanayotoka, kwa kipimo gani, inasomwa tu au inaandikwa. Soma vipimo: bodi ya chila iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kukupa Farenhaiti na psi. Soma maana za hali: 0 ni "sawa" au ni "hitilafu"? Tafuta majina mawili kwa umakini, "mpangilio wa joto kutoka mtandaoni" na "ruhusa ya kuwaka kutoka mtandaoni". Chila nyingi hupokea amri zako bila kulalamika na kuzipuuza mpaka chanzo cha udhibiti kibadilishwe kutoka kwenye paneli yake kuwa mtandao. BMS inaonyesha amri imeandikwa, chila haitikisiki. Na uliza mawasiliano yakikatika chila inafanya nini: inaendelea na mpangilio wa mwisho, inarudi kwenye wa kwake, au inazima? Kila jibu linakubalika, ilimradi ulijue.

Modbus haina PICS. Ina jedwali la rejista, na ubora wa jedwali hilo hutegemea aliyelichapa. Linahitaji vitu sita kwa kila rejista: anwani, kodi ya kazi (03 au 04 kwa kusoma, 06 au 16 kwa kuandika), aina ya data, kizidishio, kipimo, na mpangilio wa maneno kwa thamani za biti 32. Kikikosekana kimoja, rudisha.

Tazama vinavyoharibika. Jedwali linasema rejista 40011, programu inataka 10, kwa sababu kwenye waya hesabu huanza sifuri. Ukiandika 11 utapata jirani yake, na jirani akiwa volti ya fezi ya pili utasoma 229 badala ya 231, usishuku kitu kwa mwaka mzima. Kosa linalotoa upuuzi ni rafiki yako kuliko hili. Chumba cha baridi kwenye nyuzi −18.0 huhifadhiwa kama −180. BMS ikidhani namba haina hasi, utaona 65356, au 6535.6 baada ya kizidishio. Na kwa desimali za biti 32: volti 230 huhifadhiwa kama 4366 na 0000, maneno mawili ya heksadesimali. Yakisomwa kinyume, 0000 kisha 4366, yanakuwa namba ndogo mno, na skrini itaonyesha 0.00 wakati mita ukutani inaonyesha 230. Fundi atabadilisha mita. Mita haina kosa.

Kabla ya kuvuta waya hakikisha mita zote 14 zinaweza kuwekwa kasi moja na pariti moja, kila moja na anwani yake kati ya 1 na 247. Uliza pia kama jedwali lina mapengo: swali moja linaweza kusoma hadi rejista 125, lakini likigusa rejista isiyokuwepo, mita nyingi hukataa swali zima kwa kosa namba 02.

Yapo maswali ambayo hutapata jibu lake kwenye waraka wowote, nayo uyaulize kwa barua pepe ili jibu libaki kwa maandishi. Kidhibiti kinabeba sajili ngapi za COV kwa wakati mmoja? Umeme wa TANESCO ukikatika na kurudi, mipangilio gani inabaki na ipi inarudi ya kiwandani, na usajili wa COV unarejeshwa na nani? Thamani ninazoandika zinahifadhiwa kwenye EEPROM (chipu ya kumbukumbu)? Hili la mwisho linaonekana la kiufundi kupita kiasi, lakini ikiwa chipu inavumilia kuandikwa mara 100,000 na BMS inaandika mpangilio wa joto kila dakika, kikomo kinafikiwa baada ya siku 69. Na kwa aliyekuuzia BMS: leseni yetu ina pointi ngapi zilizobaki? Kwa mfano wetu wa pointi 12, feni koili zako peke yake ni 768.

Kuhusu cheti cha BTL, ndiyo, kitafute. BTL ni maabara za upimaji za BACnet, na orodha yao iko wazi mtandaoni. Kifaa kilichomo kimepimwa kwamba kinafanya kile PICS yake inachodai. Angalia modeli na toleo la famwea kwenye orodha, maana "kampuni yetu ina BTL" haina maana. Hata hivyo cheti hakikuambii kama kile kinachodaiwa kinatosha mahitaji yako. Mtalii wetu anaweza kufaulu mtihani wa maneno yake matatu.

Njia ya kujua kama nyaraka zinasema kweli ni kupima mezani. Omba kidhibiti kimoja cha feni koili na mita moja kabla ya kuagiza vilivyobaki. Unahitaji laptopu, adapta ya USB kwenda RS-485, na programu za bure: YABE kwa BACnet, QModMaster kwa Modbus, Wireshark ukitaka kuona pakiti zenyewe. Tafuta kifaa, soma orodha yake ya obijekti, ilinganishe na ile ya karatasi mstari kwa mstari. Andika Present_Value kwa ngazi ya 8, angalia Priority_Array, kisha andika NULL uone kama inaachilia. Jisajili kwa COV, pasha sensa kwa vidole, uone kama taarifa inakuja. Chomoa umeme, subiri, rudisha, soma tena. Mita ilinganishe na skrini yake kwa thamani tatu zinazotofautiana wazi, mfano volti, ampea na kilowati-saa. Kazi yote ni ya siku moja. Chila huwezi kuileta mezani, lakini unaweza kudai bodi ya mawasiliano ipimwe kiwandani au siku ya kuwasha, mbele ya mtu wenu, kabla ya malipo ya mwisho.

Ukigundua kitu hakilingani, chaguo ni tatu. Kubadilisha modeli ndilo la bei ndogo likifanyika kabla ya oda. Geitiwei (kifaa cha kutafsiri itifaki moja kwenda nyingine) inasaidia, hasa kutoka Modbus kwenda BACnet, na kwa mita zako huenda ikawa lazima ikiwa BMS haisomi Modbus. Lakini geitiwei ni kifaa kingine cha kuprogramu na kuharibika, na omba faili la mipangilio yake likabidhiwe kwenu. Aliyeiprogramu akihama mji bila kuliacha, mtaanza upya. Pia weka alama inayoonyesha kifaa cha nyuma yake kimekatika, kwa sababu geitiwei nyingi huendelea kutoa thamani ya mwisho kana kwamba bado hai. Tatu ni waya za kawaida: kontakti kavu (swichi isiyo na umeme wake) ya kuwasha, moja ya kuonyesha hali, moja ya hitilafu. Kwa jenereta ningeishia hapo pamoja na kusoma tu kwa Modbus. Kuiwasha iachie paneli yake na ya kubadilisha umeme.

Usifanye mwenyewe wala kwa ushauri wa mtandaoni: kubadilisha mipangilio ya ndani ya chila iliyo kwenye warantii, kugusa paneli ya jenereta, na chochote cha mfumo wa moto. Kuzima feni wakati wa moto na swichi ya mtiririko wa maji ya chila ziwe na waya zake moja kwa moja. BMS itazame tu. Kwa hizo ita mtu wa mtengenezaji na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na kwa moto wasiliana na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Laini ya MS/TP ikikatika kwa vipindi visivyoeleweka hata baada ya kukagua kasi na anwani, mtafute mtu mwenye osiloskopu aje aitazame ishara kwenye waya. Hiyo haitambuliki kwa simu.

Sasa zile pampu 2, unaweza kuanza nazo kesho asubuhi. Fungua paneli uangalie selekta: ikiwa HAND au OFF, kompyuta haina sauti. Ikiwa AUTO, fungua obijekti ya kuwashia kwa YABE na usome Priority_Array. Ukikuta thamani kwenye ngazi ya 1 hadi 7, kuna programu au mtu anayekupita nguvu. Ulizia ni nini kabla ya kuifuta, maana inaweza kuwa ulinzi wa pampu. Ikiwa hakuna kitu hapo na kuandika kunakataliwa kwa ujumbe kwamba sifa haiandikiki, tafuta PICS ya modeli hiyo uisome safu niliyokutajia. Mkikuta Present_Value haimo, suluhisho ni rilei na jozi ya waya kutoka kwenye kidhibiti cha BMS kilicho karibu.